Greg na mfumo wake mpya wa mtoano

Jamani, leo nimelipiza kisasi ofisini na sijutii hata kidogo.

Kuna Greg, tunakaa meza jirani kazini hapa Herndon, Marekani. Mwaka jana nilimuuliza: kwenye futiboli ya Kimarekani ya vyuo, kwa nini kamati ya watu wachache ndiyo inachagua timu za kuingia mtoano? Si bingwa wa kila ligi aingie, mengine yaamuliwe uwanjani?

Alicheka mpaka akashika tumbo.

"Rehema, huu mchezo wewe huuwezi."

Mbele ya watu wote!

Ila moyoni niliweka.

Basi jana kamati imekiacha nje chuo alichosoma Greg. Bingwa wa ligi yake, hajapoteza hata mechi moja.

Leo kaingia kikaoni macho yamemvimba. Kabla bosi hajafungua mdomo, kashika kalamu, anachora ubaoni. Kila bingwa wa ligi anaingia. Kamati ivunjwe.

"Huu ndio mfumo wa haki!"

Nikanyoosha mkono, kwa adabu zote.

"Wazo zuri, Greg. Umelitoa wapi?"

Wenzetu wakaanza kunigeukia mmoja mmoja. Wamekumbuka! Shingo ya Greg ikaiva.

"Kwako," akasema kwa sauti ya chini.

"Sijasikia vizuri."

"Nimelitoa kwako, Rehema."

Nilikaribia kumhurumia, wallahi. Badala yake nikamwomba aandike jina langu juu ya mchoro, kwa herufi kubwa.

Akaandika. Akakosea herufi moja.

Nikamfutisha, akarudia.

Nimezidisha? Semeni ukweli.