Vitambaa vya Altare

Tulikaa majuma matatu kwenye stesheni ya Kolwezi, mimi, mume wangu na binti yetu wa miaka miwili, tukingoja treni ya kutupeleka Kasai, nchi ambayo hatukuwahi kuiona. Babu zetu ndio waliotoka huko kuja kufanya kazi mgodini. Sisi tulizaliwa hapa hapa. Lakini Wakatanga, wenyeji wa hapa, waliwaambia watu wa asili yetu warudi kwao, na hakuna aliyetuuliza kwetu ni wapi.

Mtoto akashikwa na surua. Siku ya tatu hakuwa hata na nguvu ya kulia. Nilimpakata kati ya mizigo, nikasema kwa sauti, "Mungu, ukiniachia huyu, kila Jumamosi nitafua vitambaa vya altare mpaka mikono inishinde."

Kesho yake msimamizi wa mume wangu kazini, Mkatanga wa kaskazini, alitukuta pale. Alimtazama mtoto, akaanza kubeba sufuria zetu.

"Mutoto hawezi kufia hapa. Twende kwangu."

Treni ilipokuja tulikuwa nyumbani kwake, na homa ilikuwa imeshuka. Fujo ya kufukuza watu ilipotulia tulirudi mtaani kwetu, Dilala.

Nikaanza kufua. Mwaka wa kwanza nilifua kwa furaha, napiga pasi ya makaa huku naimba. Kisha kazi ya mgodi ikafa, mabomba yakakauka, tukawa tunaishi kwa shamba la mihogo nje ya mji. Jumamosi moja nilirudi hoi, nikasema juma hili Mungu ataelewa. Juma lililofuata nikasema vilevile. Ikawa miezi mitano. Kanisani nilikaa karibu na mlango, na wakati wa komunyo nilibaki kwenye benchi.

Mwishowe nikamwendea mama mzee anayetunza vyombo na vitambaa vya kanisa kwenye sakristia, nimwombe radhi kwa uvivu wangu. Alinikazia macho.

"Uvivu gani, mama? Bitambaa binaenda kwako kila juma, binarudi safi. Bwana yako mwenyewe njo anabileta."

Mume wangu ni Mprotestanti. Mguu wake haukuwa umekanyaga parokia yetu tangu tulipofunga ndoa.

Nilirudi mbio. Nikamkuta nyuma ya nyumba amekunja mikono ya shati, ameinama juu ya beseni.

"Usinicheke, mama," akasema. "Kimoja nimekiunguza."

"Kwa nini hukuniambia, tata wa mtoto wangu?"

"Ulikuwa unachoka sana, nikawa nafua wakati uko shamba. Na mi nilikusikia ile siku ku gare, tukingoja treni. Uliahidi weye, lakini mutoto ni wetu bote babili."

"Na dini yako?"

"Sabuni haina dini."

Nililia kidogo, halafu nikaona alama ya pasi imekaa katikati ya kile kitambaa, nikacheka mpaka majirani wakachungulia.

Jumapili iliyofuata niliungama. Padri alinihurumia, akasema anaweza kunibadilishia nadhiri iwe sala fupi ya kila siku. Nilifikiri kidogo nikiwa nimepiga magoti.

"Hapana, padri. Sasa tuko wawili."

Tangu hapo yeye anachota maji kisimani, mimi nafua. Siwezi kudanganya kwamba hatukukosa tena. Kuna juma la malaria, kuna juma la kilio cha jirani, kuna juma la uvivu mtupu, wa kwangu au wa kwake. Mmoja akilegea, mwingine anatoa beseni nje, na yule aliyelegea anaona haya, anakuja.