Protoni ya Kumi na Moja

Mwezi uliopita nilipanda kijijini kwetu Uru, mlimani, kumsalimia baba mdogo, na nimerudi nimekereka mpaka leo. Tulikaa kwenye kibaraza kile kile cha marehemu bibi, aliyenilea, na baba mdogo akanikaribisha kahawa. Akaja na chupa ya maji ya moto na kopo la dukani lenye unga mweusi. Kahawa ya kopo, ndugu yangu, tena Uru, mahali ambapo miaka ile hukuweza kufagia uwanja bila kuokota punje za kahawa. "Kunywa, mama, isipoe," akasema. Nililitazama kopo lile nikakumbuka atomu yangu.

Nilikuwa kidato cha pili, wakati wanunuzi binafsi wa kahawa wameanza kupita vijijini na magari yao. Mwalimu wetu wa kemia alifundisha kwa Kiingereza kama kanuni ilivyotaka, na akiona tumeduwaa anashuka kwenye Kiswahili. Maabara yetu ilikuwa na meza na bomba lisilotoa maji. Kwa hiyo akatuagiza kila mmoja atengeneze atomu ya sodiamu kwa vitu vya nyumbani, aje aieleze mbele ya darasa. Atakayeshindwa asahau mchepuo wa sayansi. Na mimi nilitaka sayansi kuliko nilivyotaka viatu vya Krismasi.

Siku hiyo nilitoka shule, nikakata majani ya ng'ombe, nikateka maji mferejini, ndipo nikaruhusiwa kukaa. Jikoni bibi alikuwa anachemsha ndizi za pombe ya mbege na moshi wote unanijia mimi. Nikakata ubao wa boksi, nikakoroga uji mzito wa ngano kuwa gundi. Katikati nikabandika kiini: punje kumi na moja za kahawa ndizo protoni, na maharage kumi na mawili ndiyo nyutroni. Elektroni ni vitu vidogo mno, basi nikachukua ulezi wa bibi, punje kumi na moja, nikazizungusha katika duara tatu: mbili, nane, na moja peke yake nje kabisa. Nilihesabu mara tatu.

Sasa bibi yangu alikuwa na ugonjwa mmoja, na ugonjwa wenyewe ni kuchambua. Aliwahi kurudishiwa gunia zima kwenye chama cha ushirika kwa sababu ya punje zenye tundu la mdudu, na tangu hapo hakuweza kuona kahawa akaiacha ilivyo. Alichambua ya kwake, akachambua ya majirani, hata msibani akiona ungo wa kahawa atauvuta. Asubuhi, wakati ninaoga, akaiona atomu yangu. Mimi nikaifunga kwenye gazeti bila kuhesabu tena na kuteremka nayo shule.

Nikasimama mbele ya darasa nimejaa majivuno, nikatangaza protoni kumi na moja. Mwalimu akasogea, akahesabu kwa ncha ya chaki, akahesabu tena.

"Kumi," akasema. "Hii si sodiamu."

Darasa likacheka. Mahali pa punje ya kumi na moja palikuwa na doa la gundi tu. Nikajua mara moja mkono ulioitoa, na nilitamani kulia kwa hasira.

"Elektroni ukinipunguzia nitakuelewa," mwalimu akasema, naye amechoka na sisi. "Atomu itakuwa na chaji, lakini jina lake ni lile lile. Protoni ukinipunguzia umeniletea kitu kingine. Umeniletea nini?"

Nikatazama chati ukutani. Namba kumi ilikuwa neoni. Nikasema neoni, ila ina elektroni moja ya ziada. Kisha, sijui nilitoa wapi ujasiri, nikabandua ule ulezi uliokuwa peke yake duara la nje. Zikabaki mbili na nane, zimejaa. "Sasa imetulia, mwalimu. Sodiamu ilikuwa inahangaika kwa sababu ya hii moja. Neoni haina shida na mtu."

Mwalimu akaandika jina langu kwenye orodha ya sayansi.

Nyumbani sikumshukuru bibi. Nilimfokea, kama mjukuu anavyoweza kumfokea bibi bila kupigwa. Yeye akaniambia, "Ilikuwa na tundu. Kwa mwalimu hupeleki kahawa mbovu. Kumi zinatosha." Mpaka anazikwa hakukubali kwamba hazikutosha.

Baba mdogo aling'oa mti wa mwisho wa kahawa miaka kadhaa baada ya mazishi, bei ilipomchosha, akapanda nyanya na kujenga vyumba vya kupangisha. Simlaumu sana, lakini ananiudhi anaposema kihamba, hilo shamba letu la ukoo, ni kile kile. Sisi wajukuu tuliondoka mmoja mmoja kwenda Dar na Arusha, na bado kilikuwa kihamba cha bibi. Kuondoka kwetu hakukukibadilisha jina.

Nikamwacha na kopo lake, nikazunguka nyuma ya nyumba, chini ya migomba, kwenye banda vilipokuwa vichanja vya kuanikia. Nikainama, nikapekua udongo kwa vidole kama mwendawazimu. Nilitaka punje moja tu ya kahawa, hata yenye tundu. Sikuipata.