Cheni ya Fidele

Watu wa Kitanga wenye chensoo, misumeno ya mashine, humpelekea Esteri cheni zao, naye huzinoa barazani kwake kwa tupa, jino baada ya jino. Kazi hiyo alifundishwa na mumewe, Fidele, mpasua mbao aliyeangukiwa na mti msituni. Stanislaus, mwenzake wa kazi, ndiye aliyeleta habari za msiba: Fidele alikufa papo hapo, na chensoo yake ikasagika chini ya gogo.

Asubuhi moja akaja Abdalah, mgeni kutoka Kakonko.

"Mwakeye, mama. Hii inakata kona. Naielekeza huku, yenyewe inakwenda kule."

Esteri aliibana cheni, akapitisha kidole kwenye meno. Akakirudisha, akapitisha tena. Meno ya upande wa kushoto yalikuwa mafupi, yamelala. Ndivyo Fidele alivyonoa tangu alipokatika ncha ya kidole gumba, na Esteri alikuwa akimtania kwamba cheni zake zimelewa.

"Chensoo umeipata wapi?"

"Kwa Stanislaus, huyo wa hapo bondeni."

Esteri alimwomba arudi kesho yake, kisha akateremka bondeni. Alimkuta Stanislaus akipura maharage.

"Shemeji, chensoo ya Fidele haikusagika."

Stanislaus aliitua fimbo chini. Hakumtazama.

"Mti ulimbana miguu," alisema. "Hatukuwa na kibali cha kukata miti. Niliogopa, nikakimbia kwanza kuificha chensoo. Niliporudi na watu, alikuwa ameshakata roho."

"Ulipoondoka alikuwa anasema?"

"Alikuwa anaita."

"Anamwita nani?"

"Aliniita mimi. Nilipofika mbali, nikasikia anakuita wewe."

Esteri alirudi nyumbani bila kuaga. Akaketi barazani, akashika tupa. Kila alipoisukuma ilitoa mlio mwembamba, na ndani ya mlio ule akasikia jina lake. Alisimama, akazunguka nyumba, akarudi. Jina lilikuwa palepale. Akaendelea kunoa huku analia, mpaka meno yote yakalingana na mkono wa Fidele ukafutika kabisa kwenye ile cheni.

Abdalah alipokuja kuichukua alishukuru sana. Stanislaus hakupita tena njia ya kwa Esteri. Akitaka kwenda kanisani huzunguka mtoni.

Siku hizi Esteri hanoi bila redio, tena kwa sauti ya juu. Majirani wanasema mama yule anapenda nyimbo.