Saa Nane ya Uswisi

Mpaka leo, nikisikia harufu ya sufu iliyoloa ikipigwa pasi ya makaa, namwona shangazi yangu Zaituni amesimama mbele ya meza yake kule Biryogo, anajishonea koti la kwenda Uswisi. Kigali yetu ya miaka ya sabini haikuwa na haja ya koti zito namna ile. Wateja waliokuja kuchukua magauni yao walilishikashika na kucheka.

Shangazi hakupanda gari. Mumewe alifia kwenye kona za Gatsata, ndani ya pikapu ya mfanyabiashara mwenzake, na tangu siku hiyo yeye alikwenda kila mahali kwa miguu. Nguo za wateja wa Gikondo alizibeba kichwani, akateremka bondeni, akapanda, akarudi kabla ya adhuhuri. Watu walimwita Bi Miguu, naye aliitika.

Mmoja wa wateja wake alikuwa mwalimu wa Kizungu tuliyemwita Madamu. Siku moja alimwambia kwamba kwao, katika milima ya Alpi, mtu anaweza kuzunguka wiki mbili nzima bila kuingia garini: treni inakupeleka mpaka kijijini, na reli inapoishia kuna njia ya miguu. Akamwalika, tiketi ya ndege juu yake. Yeye angetangulia, amngoje stesheni. Akamwachia kitabu cha nyakati za treni, mstari mmoja ameupigia kalamu nyekundu.

Baba, aliyekuwa kaka yake mkubwa, alipoambiwa alijikuna kidevu.

"Treni nayo si gari? Gari la moshi."

"Ile iko na njia yake, kaka. Haiwezi kukata kona ikaangusha watu bondeni."

"Na Kanombe, kwa uwanja wa ndege, utafikaje?"

"Nitatoka alfajiri. Miguu iko."

Baba alicheka, lakini akatoa sharti moja: mwanamke aliye peke yake hafiki ugenini baada ya magharibi. Akataka asomewe kile kitabu. Hapo ndipo nilipoingia mimi, kwa kuwa nyumbani kwetu ni mimi niliyekuwa nasoma Kifaransa. Nanyi mjue kwamba mwaka ule Baba alikuwa amekwisha kusema nimalize muhula nikae kwenye cherehani, shule imemtosha mtoto wa kike. Aliyenitetea alikuwa Shangazi peke yake.

"Haya," Baba akasema, "leo tutaona hiyo shule inafaa nini."

Nilikaa mkekani kama kadhi, kitabu magotini. Safu za namba zilikuwa nyingi. Nyingine zilikuwa za ajabu, 14 na 19, nikaziruka, maana saa kumi na nne haipo duniani. Nikadhani mpiga chapa alisinzia. Nikaufikia mstari mwekundu. Kuondoka 8.10, kufika 12.40. Nikasoma kwa sauti ya darasani: "Inaondoka saa nane na dakika kumi. Inafika saa kumi na mbili na dakika arobaini."

Nyinyi mmekwisha kuona. Kwenye saa ya ukutani nilijua vizuri, kama mtoto yeyote wa kwetu, kwamba mshale mfupi ukielekea nane ni saa mbili asubuhi. Lakini kitabuni hamkuwa na mshale. Mlikuwa na namba tu, nami nilizisoma kama zilivyoandikwa, na treni iliyofika mchana kweupe nikaifikisha usiku. Shangazi alikuwa na msemo wake wa kila siku, kuuliza si ujinga. Sikuuliza.

"Saa kumi na mbili na dakika arobaini," Baba alirudia. "Magharibi imekwisha pita. Hapana, dada yangu. Hiyo safari hapana."

Shangazi alinitazama. Kisha akaitazama saa yake ya mkononi, akaifunika kwa mkono wa gauni.

"Basi, kaka. Mtoto amesoma vizuri."

"Kweli," Baba akasema. "Hakukwama hata mahali pamoja." Maneno ya cherehani hakuyarudia tena. Koti nalo lilipunguzwa, likawa langu la kwendea shule asubuhi za mvua. Nililivaa kwa maringo. Watoto hawana haya.

Nilikuwa sekondari nilipogundua kosa langu, tukifundishwa kusoma ratiba, na uso ukaniwaka moto. Likizo ilipofika nilimwendea Shangazi nikamwungamia. Alikuwa anatunga uzi kwenye sindano, hakuinua macho.

"Nilijua siku ile ile. Saa si ilikuwa kwa mkono?"

"Mbona hukusema?"

"Ningesema umekosea, baba yako angesema shule iko bure. Leo ungekuwa hapa na mimi, kwa cherehani hii." Uzi ukakataa kupita. Akaulowesha mdomoni, akajaribu tena. "Lakini nilitaka kwenda, mwanangu. Usifikiri sikutaka."

Hakwenda kamwe. Madamu alirudi kwao moja kwa moja, na mwaliko haukuja tena.

Nimefundisha Kifaransa miaka mingi. Kila mwaka tunapofika somo la saa naandika 8.10 ubaoni, na kila mwaka yuko mtoto anayesimama na kusema bila wasiwasi kwamba ni saa nane na dakika kumi. Huwa namwambia kwanza kwamba amesoma vizuri. Kisha ndipo namsahihisha.