Pedi za Breki Nilizoziita Feki

Nilimwita Shija mwizi mbele ya wateja wake. Seti mpya ya breki za haidroliki za baiskeli yangu ilikuwa ghali, hivyo nilinunua pedi za breki tu dukani kwake hapa Mpanda, nikazifunga mwenyewe kwa utaratibu. Asubuhi ile baiskeli ilikataa kusimama mteremkoni, nikaparamia meza ya muuza mchele.

“Umeniuzia pedi feki,” nilimfokea, goti likivuja damu.

Shija alipitisha kidole kwenye diski ya gurudumu, pale pedi zinapobana, akakinusa.

“Shikamoo kwanza, mzee. Hapa umepaka nini?”

“Mafuta ya cherehani. Kila kinachozunguka nakipaka, kila Jumamosi. Mimi natunza vitu vyangu.”

Shija alinionyesha kidole chake kinachong'aa mafuta.

“Sasa pedi ishike wapi, mzee?”