Mabakuli ya Kinuyo

Dada yangu Kinuyo alikuwa mfinyanzi na mjane, mbishi kuliko punda. Tokuji, fundi wa sumaku katika maabara ya kilimani, alipomtamkia ndoa, dada alimjibu, "Nimekula kwenye bakuli dogo miaka yote ya marehemu. Sirudii."

Huku kwetu Toki, mji wa wafinyanzi, maharusi hupewa mabakuli mawili ya wali, kubwa la mume, dogo la mke. Jibu lile liliniudhi, maana nilimwona dada akichungulia njia ya kilimani kila jioni.

Tokuji hakukoma kuja kuota moto wa tanuru letu. Asubuhi moja ukungu ulimeza mlima, moshi wa tanuru ukachanganyika nao, tukawa kama tunaelea.

"Moto wenu wa maabara mnauchochea kwa kuni gani?" dada akamuuliza.

"Hauna kuni, Bi Kinuyo. Kuna hidrojeni nzito, tunaitoa majini. Viini vya atomi zake havipatani, kila kimoja kinakisukuma kingine."

"Nawajua wawili wa hivyo," nikadakia.

"Nyamaza wewe!" dada akanikemea.

Tokuji akacheka. "Tunavipasha moto kuliko kitovu cha jua, vinakimbia kama vichaa. Sumaku zinavishika katikati, maana vikigusa ukuta vinapoa. Sasa katika mbio hizo, viwili vikikaribiana sana, nguvu nyingine inavidaka. Vinaungana."

"Halafu?"

"Ukipima kinachotoka, ni chepesi kidogo kuliko vilivyoingia. Uzito uliopungua umegeuka nishati, ndiyo joto lenyewe. Hata jua linawaka kwa kuunganisha viini."

Dada akatia kuni motoni. Udongo nao hupungua tanuruni, hilo alilijua.

"Na anayepunguzwa ni nani? Yule mdogo?"

"Hakuna mdogo. Vyote viwili ni sawa. Vinapungua pamoja."

"Usinidanganye, mzee."

"Nikudanganye nipate nini? Chai yenyewe umenipa ya baridi."

Akammiminia ya moto. Siku zilizofuata alifinyanga huku amefunga mlango, hata mimi nikafukuzwa.

Tulipofungua tanuru tena, alimwekea Tokuji mabakuli mawili mapya, yangali na joto. Tokuji akayageuza, akayapanga ubavu kwa ubavu, akayabadilisha akitafuta lililo dogo, akarudia. Machozi yalinitoka kabla ya kumtoka yeye.

"Langu lipi?" Tokuji akauliza.

"Chukua lolote," dada akasema.