Lituma ya Kampala iliyokataa kusimama

Saa kumi na moja alfajiri, kabla majogoo ya Kabondo, mtaa wa Kisangani, hayajaelewana nani aanze, mchi wa Honorine Botamba unaanza kutwanga. Puu. Puu. Puu. Mtoto wa jirani asiyeamka kwa mchi huo, mama yake humgusa paji la uso kuona kama ana homa.

Ndani ya kinu kuna makemba, ndizi ngumu za kupika, zimetoka jikoni sasa hivi. Honorine, mwenye miaka arobaini na minane, anaziponda zingali moto, anachovya mkono kwenye maji, anafinyanga bonge na kuliweka kando ya samaki mkavu. Hiyo ndiyo lituma. Mtu wa Kisangani akiikosa, anaweza kula kutwa nzima na bado akasema hajala.

Sahani ni faranga elfu tatu. Siku njema anabaki na dola kumi hivi za faida, na ndizo zilizomsomesha binti yake, Élise, mpaka akamaliza.

Waendesha toleka, yaani teksi za baiskeli, wameegemeza baiskeli zao ukutani na kujaza benchi. Wanangoja vitu viwili: sahani, na simu.

Simu inaita kabla ya saa kumi na mbili. Mikono ya Honorine imejaa ndizi, kwa hiyo inawekwa juu ya ndoo, sauti hadi mwisho, kila mtu asikie. Ni Eddy, mumewe, kutoka Kampala, katika nchi jirani ya Uganda.

"Mama Élise, mbote! Leo mayai imeshuka tena!"

Benchi zima linaguna kwa wivu.

"Na maziwa, papa?" anauliza Camille, mwendesha toleka ambaye hajanunua maziwa mwaka huu wala hana mpango huo.

"Maziwa? Ndugu yangu, huku maziwa iko sawa na maji!"

Eddy ni fundi wa jenereta. Kwa miaka mingi alitengeneza zile za wageni wa mashirika, hadi bosi wake wa mwisho alipofungasha virago akahamia Kampala. Bosi alikuwa amechoshwa na kodi ya nyumba ya Kisangani, mafuta ya jenereta na jibini inayokuja kwa ndege. Alisema kwa mshahara uleule, kule ataishi kama mfalme. Eddy naye akawaza. Sabuni na sukari nyingi za Kisangani hutoka upande huo kwa malori, na lori likikwama kwenye matope, bei inapanda.

"Akaniambia, alors, Mama Élise, badala ya kungojea sabuni, tuifuate kule inatokea," anasimulia Honorine, akicheka mpaka mchi unasimama. "Mutu mukubwa, na akili yake yote, anafuata sabuni!"

Eddy akatangulia, mwaka juzi. Honorine alitakiwa auze kiwanja chao cha Kabondo, kinu, benchi na vyote, kisha amfuate. Mnunuzi hakuchelewa. Bwana Noël, mfanyabiashara wa mbao, ameshakuja mara kadhaa na futi kamba yake, anapima ua huku wateja wakiinua miguu apite.

Honorine hakukataa. Alitaka kwanza kujionea. Akafunga safari na mchi wake mkononi, kwa kuwa haamini mchi wa ugenini. Mpakani afisa alimuuliza ile ni silaha gani.

"Kwa bei, Papa Élise hakudanganya," anakiri. "Niliingia soko, nikafanya ishara ya musalaba."

Mkungu wa ndizi mbichi, mkubwa kumshinda mtoto wa darasa la kwanza, ulikuwa bei ya kutupa. Akanunua bila kuuliza. Jumapili Eddy akawaalika Wakongo wa mtaa mzima waje waonje biashara mpya ya mkewe.

Loo! Ndizi zile zilikuwa matoke, ndizi laini za Waganda. Kadiri Honorine alivyoponda, ndivyo zilivyozidi kulainika. Akifinyanga bonge, linalala. Akiliinua, linalala tena. Wageni, na suti zao za ibada, wakaletewa vijiko.

"Nilisikia haya, mama yangu! Nilitamani kinu kinimeze."

Mwenye nyumba wao, Mama Aziza, alionja akasifu sana. Kisha akauliza kwa upole matoke yale yalikosa nini hata yakapigwa vile.

Ndipo Honorine alipotoa sharti mbele ya watu wote. "Bei iko chini, sawa. Lakini mimi najua kazi moja tu. Siku lituma itasimama kwa sahani hapa Kampala, mpaka mugeni wa mwisho ananawa mikono, siku hiyo nauza kiwanja." Akachukua mchi wake akarudi.

Usicheze na fundi wa jenereta. Tangu hapo Eddy anajaribu. Alichanganya matoke na unga wa muhogo, akapata gundi. Akajaribu gonja, zile ndizi ndefu zinazochomwa barabarani, lakini zilikuwa zimeiva, na watoto wa Mama Aziza wakaila lituma hiyo kama keki. Kila asubuhi, baada ya bei ya mayai, inafuata ripoti. Honorine hucheka na wateja, lakini moyoni ana hofu. Ameahidi mbele za watu, na mumewe si mtu wa kukata tamaa.

Asubuhi hii sauti ya Eddy inapasua simu, na tonge la Camille linaishia njiani.

"Imesimama! Mama Élise, imesimama! Natuma video!"

Video inafika. Ni bonge la mviringo, gumu, limekaa wima sahanini. Kidole cha Eddy kinalibonyeza, halitikisiki. Honorine anakaa kwenye kigoda. Anatazama ua, kinu, ukuta uliochubuliwa na baiskeli, na machozi yanamlenga. Halafu anaitazama video tena, simu karibu na pua.

"Papa Élise. Hii makemba umetoa wapi?"

Eddy anakohoa.

"Nakuuliza."

"Bon... kuna basi ilitoka kwetu. Dereva alikuwa nayo."

"Bei?"

Mtu aliyetangaza bei ya kila yai la Kampala anarudia habari za basi. Benchi zima linamsaidia Honorine kuuliza: "Bei, papa, bei!"

"Dola makumi tatu," anasema Eddy, kama anayeungama kwa padri.

Kabondo inalipuka. Mkungu kama huo hapa haufiki dola tano. Camille ameshika mbavu. "Papa, kwa ile bei ungekunywa maziwa mwaka muzima!"

Eddy naye anacheka, kisha anaacha. "Honorine," anasema, na hajamwita hivyo tangu Élise azaliwe. "Ile bonge nimekula peke yangu, nikalia. Bei ya huku iko muzuri. Lakini nakula na nani?"

Honorine anafuta macho kwa mgongo wa mkono, anajiachia ndizi shavuni.

Saa mbili Bwana Noël anaingia na futi kamba yake. Honorine anashika ncha moja, anamwachia nyingine. Kiwanja hakiuzwi tena, anamwambia, ila anataka kujua kama benchi la pili litaenea ukutani, na pale pembeni kibanda cha fundi wa jenereta. Anataka viwe tayari kabla ya Krismasi. Bwana Noël anatazama futi, anatazama lituma, anaketi. Mbao anazo, anasema, na aletewe sahani.

Simu inaita tena. Eddy, kama kawaida yake, ana bei mpya.

"Mama Élise, nimeuliza tiketi ya kurudi. Bei yake iko..."

"Usitaje," anamkatiza Honorine, ameshashika mchi. "Hiyo nalipa mimi."